Aliyembeba Loveth

Domina hakulia msibani, na watu walimsifu kwa hilo. Walisema binti yule ana moyo, ana imani, Mungu amempa nguvu za uongozi. Watu wetu ndivyo walivyo: ukilia sana wanasema imani yako haba, usipolia wanasema imani imekujaa, na katikati hapo hakuna anayekuuliza kama umekula. Ukweli ni kwamba Domina hakuwa na nguvu yoyote. Alikuwa na ganzi. Ilimwingia siku ile ya Septemba, makaburini katika kijiji cha Ulaya, njia ya kwenda Mikumi, alipokuwa amesimama na daftari la mahudhurio kwapani akisubiri machozi yaje. Hayakuja. Kaburi lilipomalizika kufukiwa, akaenda jikoni kuangalia kama sahani zinatosha.

Sasa ilikuwa Desemba, na ganzi ipo palepale. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwenyekiti wa Umoja wa Mabinti wa kanisa lao Kilosa mjini kwa mwaka wa tatu, na asubuhi hiyo alikuwa nyuma ya Kanta, lori dogo la dereva Casmir, akipakia mabinti ishirini, magodoro, sufuria kubwa mbili na gunia la mchele, safari ya Mikumi kwenye kambi ya mwaka. Kanta yenyewe kazi yake ni kubeba vitunguu kutoka Malolo. Hata uioshe kwa sabuni ya unga mara tatu, ukishuka unanukia kachumbari.

"Dada Domina, godoro langu lipo?" aliuliza Aneth, binti wa miaka kumi na saba ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu abatizwe.

"Lipo."

"Na skafu zile mpya?"

"Zipo."

"Na wewe upo?"

Mabinti wakacheka. Domina akamtazama, akaweka tiki kwenye jina lake, akasema, "Panda gari."

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana asiyejua desturi ya mabinti hawa ataniona nazunguka. Kila kambi ikifika mwisho, kapu hupitishwa. Ndani yake mna karatasi zilizokunjwa, kila moja ina jina la binti mmoja. Unaokota, unasoma, unaficha. Huyo ndiye utakayembeba mwaka mzima. Kumbeba maana yake utamwombea kila siku, hata ikiwa ni dakika tatu kabla ya kulala, na mara mojamoja utamtumia kitu kidogo kwa mkono wa mtu mwingine: kipande cha sabuni, kalamu, barua isiyo na jina. Humwambii mtu, hata mama yako mzazi. Mwaka ukiisha mnakutana tena, na siku hiyo inaitwa Kufunua. Mnasimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anamtaja yule ambaye yeye alimbeba. Pana kulia pale, pana kukumbatiana, pana na lawama za utani kwa yule aliyetoa kipande kimoja cha sabuni kwa miezi kumi na miwili.

Mwaka jana Domina aliokota jina la Loveth. Na hakumwombea hata siku moja.

Msimwone katili. Loveth alikuwa katibu wake na rafiki yake wa kushiba, walikuwa wakila sahani moja. Shida ni kwamba Domina alikuwa na kazi. Kulikuwa na kwaya ya Pasaka, kulikuwa na semina ya mabinti wa shule kule Lumuma, kulikuwa na fulana za kambi ambazo fundi alizikosea rangi mara mbili. Kila siku alijiambia, leo usiku. Usiku ukifika alijitupa kitandani na viatu. Alitunga ratiba ya maombi ya umoja mzima, siku kwa siku, akaibandika kwenye mlango wa ofisi ya kanisa, mchungaji akaisifu madhabahuni na watu wakapiga makofi. Yeye mwenyewe hakuifuata. Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi, nasi tunacheka tukiisikia, mpaka siku tunapojitazama kwenye kioo.

Loveth alikuwa na ugonjwa wa siko seli tangu utotoni. Ilikuwa inamwacha miezi, kisha inamrudia kwenye mifupa usiku mmoja bila hodi. Mwezi wa saba aliandika kwenye kundi lao la simu: "Jamani mifupa leo imeamka. Yeyote anayenibeba, leo asinisahau." Domina aliisoma akiwa juu ya bodaboda, anakwenda kwa yule fundi wa fulana. Akaweka vile vikono viwili vya njano vilivyoungana, alama ya kuomba, akarudisha simu kwenye mkoba. Alipofika kwa fundi, rangi ilikuwa imekosewa tena, wakagombana, na siku ikaishia hapo. Wiki saba baadaye Loveth alikufa.

Hilo ndilo alilokuwa amelibeba Domina, na hakuna aliyelijua. Mipango ya Kufunua alikuwa ameshaipanga kichwani. Zamu yake ikifika atasimama, atasema "Mimi nilimbeba Loveth," ataketi. Mama Mchungaji, mlezi wao, alishasema jina la Loveth likitajwa atawasha mshumaa. Mabinti watalia, pambio litaanzishwa, na mambo yatapita. Tena si uongo, alijiambia. Karatasi aliiokota kweli.

Basi wakaondoka. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake na barabara ilikuwa na matope, Casmir akawa anaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Walipofika Ulaya akasimamisha gari. Kando ya barabara alikuwa amesimama mama mmoja mrefu, kitenge kipya, ndala mkononi na miguu imejaa tope, kwapani ana kifurushi kilichofungwa kwa kanga. Domina alimtambua kabla hajainua uso. Alikuwa Mama Loveth.

"Shikamoo, Mama," mabinti walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Hamjambo? Leo nina safari na ninyi."

Casmir akashuka kumfungulia mlango wa mbele, ndio heshima. Mama akakataa. Akasema hakuja kukaa na dereva, amekuja kukaa na wenzake Loveth. Wakamvuta juu, wakamkunjia godoro, naye akaketi mahali pa kwanza palipokuwa wazi, ubavuni kwa Domina. Kiswahili chake kilikuwa cha Kanda ya Ziwa, kizito na cha taratibu. Familia yao ilikuja na ng'ombe miaka kumi na tano iliyopita, ng'ombe wengi wakaishia njiani, wakabaki na jembe.

"Wewe ndiye mwenyekiti," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nakukumbuka msibani. Ulikuwa unakimbia huku na huku. Hukukaa hata kidogo."

"Kulikuwa na kazi, Mama."

"Ndiyo. Kazi ilikuwepo." Akaweka kifurushi mapajani, akakilaza vizuri. "Loveth aliniambia habari za kubebana. Akaniambia Desemba mnafunua. Mimi nikasema nitakuja, mvua inyeshe isinyeshe. Nataka nimwone huyo aliyekuwa anambeba mwanangu."

Domina akaitikia, "Ndiyo, Mama."

"Nikuambie kwa nini. Siku ile ya mwisho, kule wodini, maumivu yalikuwa yamempanda mpaka anauma shuka. Mimi nalia, mtu mzima nalia mbele ya mgonjwa. Akaniambia, mama, usilie, kuna mtu ananiombea sasa hivi. Nikamwuliza nani. Akasema simjui, ila yupo, ndiyo desturi yetu. Akatulia. Mwanangu alitulia, akalala mpaka alfajiri, na alfajiri ndiyo akaenda." Mama akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Mtu huyo nataka nimshike mkono tu. Sina kingine."

Nyie mngefikiri hapo moyo wa binti ungepasuka. Haukupasuka. Domina alisikia kila neno na akalielewa, na alijua kabisa mahali ambapo maumivu yangepaswa kuwa, kama unavyojua jino lilipokuwa baada ya sindano ya daktari. Lakini hapakuwa na kitu pale. Alijua pia kwamba angeweza kusema palepale, Mama, mtu huyo ni mimi, na sikufanya. Alifungua mdomo. Kanta ikaingia shimoni, sufuria zikagongana, Aneth akaanzisha wimbo, na Domina akaufunga mdomo wake. Wakati wimbo unaisha walikuwa wanaona malori ya barabara kuu.

Mikumi ni mji wa wapitaji. Malori ya Tunduma hayalali, wauza chipsi hawalali, na nyani wa porini wamezoea watu kuliko watoto wengine walivyozoea wazazi wao. Ukumbi wa kanisa uko nyuma kidogo ya barabara, una mabati, madirisha ya nondo na veranda ndefu. Ijumaa hiyo mabinti walifagia, wakapanga magodoro, wakapika, na nyani mmoja akaiba mkate mzima mikononi mwa binti aliyekuwa anashukuru kwa ajili ya mkate huo. Walicheka mpaka wakakaa chini. Domina aliandika kwenye daftari: mkate mmoja.

Mama Loveth hakukaa bure. Alimenya viazi, alichambua mchele, na kila binti aliyepita mbele yake alimtazama usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Alikuwa anatafuta. Binti akimletea maji, anamwuliza jina, anampima. Jioni alimvuta Domina kwa mkono.

"Ni yule?" akamwonyesha Aneth, aliyekuwa anacheza rede uwanjani na kelele zake. "Yule ana roho nyepesi. Mtu wa namna ile anaweza kuomba."

"Sijui, Mama. Ni siri mpaka kesho."

"Haya. Siri ni siri."

Domina alimwepuka baada ya hapo. Palipokuwa na Mama Loveth, yeye alikumbuka kazi mahali pengine. Jumamosi asubuhi, baada ya chai, alimfuata Mama Mchungaji aliyekuwa anapiga pasi skafu za bluu kwenye meza ya ukumbi.

"Mama, nilikuwa nawaza. Mwaka huu tusifanye Kufunua."

Mama Mchungaji akasimamisha pasi. "Kwa nini?"

"Kwa ajili ya Mama Loveth. Ataumia."

"Domina, mwanangu. Yule mama ameacha shamba lake msimu wa kupanda. Amesimama njiani tangu saa kumi na mbili asubuhi na miguu yenye tope. Tukimwambia hatufunui, si ndiyo tutamwumiza?" Akamshika bega. "Una huruma sana wewe. Ndiyo maana Mungu amekupa hawa watoto."

Domina akachukua skafu zilizokwisha kunyooshwa, akazikunja moja moja, zikawa ishirini na moja. Alizipanga vizuri sana. Hakuna mtu aliyewahi kulalamikia kazi ya Domina.

Alasiri wakakaa kwenye mviringo, mabenchi ukutani, mshumaa mmoja katikati juu ya kigoda. Mama Loveth alikaa benchi la karibu na dirisha, kifurushi mapajani. Utaratibu wao ni huu: mdogo kuliko wote anaanza, anamtaja yule ambaye yeye alimbeba, aliyetajwa anasimama, anapokea kumbatio, kisha naye anamtaja wake. Ikiwa mviringo umefunga mapema, mdogo kati ya waliobaki anaanza upya. Domina alikuwa na daftari, anaweka tiki.

Akaanza Winnie, wa miaka kumi na minne. "Mimi nilimbeba dada Aneth. Nilikuwa naomba apunguze kuongea kanisani, lakini Mungu hakujibu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Aneth akamkumbatia, akamnong'oneza kitu, wakalia wote wawili, kisha Aneth akamtaja wake, na huyo akamtaja wake. Ndivyo ilivyokwenda. Mmoja alikuwa amemwombea mwenzake afaulu kidato cha nne, na amefaulu. Mwingine alisema aliyembeba alikuwa adui yake mwanzoni, walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya maneno ya bombani, na kwamba huwezi kumwombea mtu kila usiku na bado ukamnunia asubuhi. Mama Loveth alikuwa anawasikiliza wote, mwili umeinama mbele. Kila binti aliposimama uso wake ulikuwa unainuka, na jina likitajwa lisilo la Loveth, uso unashuka, unangoja wa pili.

Domina alikuwa anangoja atajwe. Mtu fulani lazima angemtaja, na akishatajwa atasimama, atasema maneno yake matatu, ataketi. Mviringo wa kwanza ukafunga. Ukaanza wa pili, ukafunga. Wa tatu ulikuwa wa mabinti watatu tu. Aliyekuwa wa mwisho akaketi, akajifuta macho. Hakuna aliyeanza tena.

Domina akatazama daftari. Majina yaliyoingia kapuni mwaka jana yalikuwa ishirini na mawili. Tiki zilikuwa ishirini. Yalikuwa yamebaki majina mawili hayana kitu mbele yake, la kwake na la Loveth. Alihesabu upya kutoka juu, kwa kidole. Hakuna binti hata mmoja kati ya hao ishirini aliyembeba Domina, na hakuna aliyembeba Loveth.

Wengine nao walikuwa wanahesabu. Ungeweza kuona midomo yao ikicheza.

"Kumbe walibebana," alisema Aneth, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Dada Domina na dada Loveth. Waliokotana."

Ukumbi wote ukavuta pumzi. Mabinti wakaanza kulia, wengine wakashikana mikono. Mama Mchungaji akawasha mshumaa, kiberiti kikamzimikia mara mbili, na Mama Loveth akasimama. Alitembea taratibu mpaka alipokuwa Domina, akasimama mbele yake na kile kifurushi.

"Kumbe nilikaa na wewe njia nzima," alisema. "Nikakuuliza ni nani, ukanificha. Kweli ninyi mnajua kutunza siri."

Akafungua kanga. Ndani kulikuwa na foronya nyeupe, imedariziwa maua pembeni kwa uzi wa bluu, pembe tatu zimekamilika, ya nne ina majani tu.

"Hii alikuwa anamshonea mtu wake. Nilimwuliza ni nani, akakataa. Alisema tu mtu wangu ana kazi nyingi mno, mama, halali, naomba Mungu ampe usingizi. Kila jioni. Hata siku ambazo vidole vimevimba alikuwa anaomba kwanza, halafu ndiyo anashika sindano. Basi ni wewe. Chukua."

Domina akachukua. Mama akamshika mkono kwa mikono yake miwili, mikono ya jembe, migumu.

"Na mimi nilikuja na neno langu moja. Asante. Asante kwa kumbeba mwanangu. Hakufa peke yake, na ni kwa sababu yako."

Mtu akaanzisha pambio, wengine wakaliitikia kwa machozi. Domina hakutakiwa kufanya kitu. Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Kunyamaza tu, wimbo uishe, apelekwe kuosha uso, na angerudi Kilosa akiwa nusu mtakatifu. Na Mama Loveth angerudi Ulaya moyo umetulia. Wangapi wangedhurika? Nami sitasema hapa palikuwa na ushujaa. Domina alitazama mikono ile miwili iliyoushika wa kwake, akagundua hahisi hata joto lake, na akaogopa. Aliogopa kwamba akinyamaza sasa atabaki hivyo mpaka azeeke.

"Nyamazeni," alisema.

Hawakumsikia. Akasema tena, kwa sauti ya mwenyekiti, na wimbo ukakatika.

"Mama, sikumwombea."

Mama Loveth akamtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni.

"Jina niliokota. Karatasi ninayo. Lakini sikumwombea."

"Domina ana maana hakuomba inavyotosha," Mama Mchungaji akaingilia haraka, bado ana kiberiti mkononi. "Sisi sote tunajiona hivyo mtu anapoondoka. Sote hatukuomba inavyotosha."

Mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa, na ulikuwa mpana. Domina akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama. Sikuomba kabisa."

"Hata siku moja?" aliuliza Mama Loveth.

"Hata siku moja."

"Hata siku ile alipoandika kwenye simu? Nilikuwepo. Alikuwa ananisomea. Mliweka vile vikono, akavihesabu, akafurahi."

"Niliweka vikono. Nilikuwa nakwenda kwa fundi."

Mama akamwachia mkono. Hakuusukuma, aliuachia tu. Nje lori lilikuwa linapunguza mwendo kwenye matuta, breki zikalia kwa muda mrefu, na ndani hakuna aliyesogea. Winnie alikuwa ameziba mdomo wake kwa skafu.

"Aliniambia kuna mtu," alisema Mama Loveth, hamwambii yeyote. "Sasa hivi, aliniambia. Kumbe hakukuwa na mtu." Akaongeza, "Afadhali alikwenda hajui."

Akageuka, akarudi kwenye benchi lake la dirishani, akaketi taratibu, mkono mmoja umeshika nondo. Domina alibaki katikati ya ukumbi. Baada ya muda alitembea mpaka kwenye lile benchi, akapiga magoti, akamnyooshea foronya kwa mikono miwili.

"Chukua, Mama. Mimi sistahili."

Mama hakunyoosha mkono.

"Unataka nikupunguzie," alisema. "Unataka nichukue hiyo ili uondoke mikono mitupu, au nikuambie nimekusamehe ili uende ukalale. Leo siwezi. Labda siku nyingine, leo siwezi. Na hiyo si yangu. Yeye alikushonea wewe. Alikuombea wewe. Hayo aliyafanya kweli, mimi nilikuwa nikimwona."

Domina akaitazama foronya. Akaona ile pembe ya nne, yale majani, na jinsi mishono inavyoanza mizuri na kwenda inapinda, inapinda zaidi, mpaka uzi unapoishia. Akajua hapo vidole vilikuwa vimevimba kiasi gani. Akamwona Loveth amekaa kitandani jioni, kabla ya kushika sindano, anamwomba Mungu ampe rafiki yake usingizi. Na rafiki yake huyo yuko Kilosa, mzima, anagombana na fundi kwa ajili ya rangi.

Ikauma. Haikuanza polepole, ilikuja yote kwa pamoja, na Domina akatoa sauti ambayo mabinti wale hawajawahi kuisikia kutoka kwake. Alijaribu kusimama atoke nje, maana kiongozi halii mbele ya watoto, ndivyo alivyofundishwa. Akabaki palepale chini, uso kwenye foronya. Aneth akainuka kumfuata, Mama Mchungaji akamzuia kwa mkono.

Mama Loveth alikuwa anatazama dirishani. Hakumgusa. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.

"Usilie huko chini," alisema. "Kaa hapa. Mimi nimelia peke yangu tangu Septemba."